Bega la Bibi Dirishani

Mama yangu mdogo ni fundi wa midoli. Si midoli ya watoto, ni ile mikubwa inayosimama madukani imevaa magauni, ikitazama barabara bila kupepesa macho. Pua ikivunjika au rangi ikibanduka, wenye maduka humletea yeye. Wengine hutumia mkokoteni. Wengine humbeba mdoli begani na kuja naye hivyo hivyo, miguu inaning'inia, na watu wa mtaani hupisha njia kwanza wakidhani kuna mgonjwa, halafu ndipo hucheka.

Mimi nafanya naye kazi tangu ndoa yangu ilipokwenda mrama. Nilifika kwake na sanduku moja na hasira nyingi, akanipa msasa akaniambia nisugue. Nilisugua mapaja ya plastiki mpaka hasira ikaisha, na nikabaki. Puti na msasa ni vyangu: naziba nyufa, nalainisha, napangusa vumbi. Rangi siigusi. Rangi ni ya Mama Mdogo, na anayetaka kumwona akikasirika na aguse brashi zake.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango mpana unaotazama barabara. Katikati ya paa kuna bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, na meza ya rangi iko chini yake. Mikono imetundikwa ukutani kwa misumari, ya kulia upande huu, ya kushoto upande ule. Vichwa viko kwenye rafu. Siku moja msoma mita za umeme aliingia, akamwamkia mdoli aliyesimama karibu na mlango, akasubiri, akamwamkia tena, kisha akanilalamikia mimi kwamba ndugu yetu ana maringo. Nilimwambia ni kweli, hata sisi hatuongeleshi.

Sasa, midoli mingi inatoka kiwandani na rangi moja, na rangi hiyo ni pichi. Sijui nani aliyeamua. Katika mtaa wetu wote hakuna mtu wa rangi hiyo, wala shangazi wa mtu, lakini madirishani wamejaa wao tu. Mama Mdogo hana ugomvi nao. Tunda lenyewe hajawahi kulitia mdomoni, amelijua kwa picha ya kwenye kopo, lakini rangi yake anaijua kuliko mimi ninavyoijua sura yangu. Na ukimwambia "pichi" tu, atakuuliza ipi. Kuna ya mdoli mpya, iliyochangamka. Kuna ya mdoli aliyekaa juani, iliyofifia ikaelekea kwenye maziwa. Kuna ya shavu, na kuna ya ncha za vidole, ambayo ina wekundu zaidi na humpa kazi kuliko zote.

Anatumia rangi za akriliki, zile zinazochanganywa na maji na zikikauka zinakuwa ngumu kama plastiki. Huanza na nyeupe, fungu la kutosha juu ya kipande cha kioo. Kisha njano, kidogo. Kisha nyekundu, na hapo ndipo wengi huharibu, maana nyekundu haina adabu: ukiikaribisha kwa kijiko inachukua nyumba nzima. Yeye huichota kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Akiona mchanganyiko umechangamka mno, huutuliza kwa kahawia, chembe tu. Hapo mtazamaji hudhani kazi imekwisha, kumbe bado. Akriliki ikiwa mbichi ina weupe ndani yake, na ikikauka weupe ule huondoka, rangi ikakolea. Ukiilinganisha na bega la mdoli ingali mbichi ukaridhika, ikikauka utaona doa. Kwa hiyo hupaka tone kwenye kipande cha boksi, akaliacha likauke, ndipo hulisogeza begani na kuamua. Wateja wenye haraka huonyeshwa kiti.

Mteja mmoja hakuwa na haraka kabisa. Ni mwenye duka la magauni ng'ambo ya barabara, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe zamani, na mtaa mzima humwita Bwana Taratibu, kwa sababu akianza kukutakia asubuhi njema, unaweza kumaliza chakula cha mchana hajafika mwisho. Dirishani kwake alikuwa na mdoli mmoja tu, mwenye shingo ndefu na mkono mmoja kiunoni. Watu walimwita Bibi Dirishani. Wanawake walipita kutazama amevaa nini, kisha wakaenda kwa mafundi wao wa cherehani kusema, nishonee kama lile.

Mara ya kwanza alimleta akiwa na ufa begani. Alikuwa ameanguka wakati wa kufagia. Mimi nikaziba, Mama Mdogo akapaka, na kazi ilipokwisha hata kwa kidole usingejua ufa ulikuwa wapi. Bwana Taratibu alisimama akitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo pichi, fundi?"

"Ndiyo pichi."

"Aa." Akatazama kiti. Akatazama mlango. "Haya. Nashukuru, fundi."

Alipokwisha kuvuka barabara na mdoli wake nikasema, "Mama Mdogo, yule mtu ana neno."

"Neno lake ni asante, na ameshalisema. Hebu niletee ule mkono wa kushoto."

Haikupita muda akarudi, Bibi Dirishani begani. Pale pale tulipotengeneza palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, jekundu-jekundu, kama mtu aliyeegemea ukuta wa matofali.

"Rangi imegeuka, fundi," alisema, akiongea na viatu vyake.

Mama Mdogo alilishika lile bega, akaligeuza kwenye mwanga, akapaka upya juu yake bila kutoza chochote. Tone kwenye boksi, kungoja, kulinganisha, yote kama desturi. Liliondoka hapa likiwa sawa. Mimi niliona kwa macho yangu, na macho yangu hayana ubaya wowote. Lakini Bwana Taratibu akarudi tena, doa likiwa juu kidogo, karibu na shingo. Akatengenezewa. Akarudi tena.

Hapo ndipo kicheko kilipotuisha. Bibi yangu, yaani mama yao Mama Mdogo na mama yangu, alikuwa mshonaji wa mapazia, na alipoanza kupoteza macho, yalianza kumkosesha kwenye rangi kabla ya kitu kingine. Alishona pazia nusu kijani nusu buluu, akabishana na mwenye pazia kwamba kitambaa ni kimoja. Mama Mdogo alikuwa msichana wakati huo, na ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano mpaka siku alipoacha kushona. Sasa yeye mwenyewe amefikia umri ule ule. Fundi wa rangi asiyeona rangi ni fundi gani? Hakulisema, lakini nilimwona anavyosogea mlangoni na kipande cha boksi, anakitazama kwenye jua, anakitazama kivulini, anarudi mezani.

Alianza kujipima. Anapaka shavu la kichwa kimoja pale rafuni, kikikauka ananiita.

"Sawa?"

"Sawa."

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji. Ni sawa kabisa, hata mama yake kiwandani hawezi kujua."

"Basi kwa nini bega la Bibi Dirishani linageuka?"

Nilichukua msasa nikaenda kusugua kitu ambacho kilikuwa kimeshasuguliwa.

Mama yangu alikuja kututembelea katikati ya mambo hayo. Mama ana moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Alikunywa chai, akazitazama zile boksi zenye matone zilizojaa mezani, akaelewa.

"Mdogo wangu, si nilikwambia? Macho yetu ni ya mama. Funga hapa, njoo kwangu upumzike. Chumba kipo."

"Nikapumzike na nani, dada?"

"Na mimi."

"Wewe hupumziki. Wewe unaongea."

Mama alicheka, mimi nikacheka, lakini Mama Mdogo hakuucheka mzaha wake mwenyewe, na siku zote huwa wa kwanza. Mama alipoondoka, Mama Mdogo akaja kwangu na brashi zake zimefungwa kwenye kitambaa.

"Shika," aliniambia. "Anza kujifunza."

Niliogopa kuliko siku niliyotoka kwa mume. Nilikaa mezani kwake, kwenye kiti chake, nikaanza na nyeupe kama nilivyomwona akianza. Njano ilikubali. Nyekundu ikanimwagikia. Nikapata rangi ya dawa ya kikohozi. Nikaongeza njano kuirudisha, nikapata boga. Nikaongeza nyeupe, ikarudi dawa ya kikohozi lakini nyingi zaidi. Niliendelea kuokoa na kuharibu mpaka kioo kikajaa, nikahamia kwenye sahani, sahani ikajaa, nikahamia kwenye beseni.

Mama Mdogo alikuja akasimama nyuma yangu. "Sasa hii inatosha kupaka shule," alisema. "Na watoto wataikimbia."

Hapo alicheka, kidogo. Kisha akasema bila kubadilisha sauti kwamba Bibi Dirishani atakuwa kazi yake ya mwisho. Hatapaka juu ya doa tena. Atakwangua rangi yote mpaka kwenye plastiki na kuanza upya, ili amrudishe kwa mwenyewe akiwa safi, amwombe radhi, afunge mlango. Nilimwambia ana kichwa kigumu. Nilimwambia na mengine ambayo mtu hamwambii mdogo wa mama yake. Aliyasikiliza yote, kisha akaomba kisu cha kukwangulia.

Nilikuwa naosha beseni niliposikia kisu kimenyamaza.

"Njoo hapa," aliniita. "Niambie unaona nini."

Alikuwa amekwangua ukanda mwembamba tu kwenye lile doa la mwisho. Lile jekundu-jekundu lilikuwa limetoka kama ganda la kitunguu, ngozi nyembamba iliyopakwa juu juu. Chini yake palikuwa na pichi. Pichi yake, ile ya mara iliyopita, laini, imetulia, imeungana na shingo na mkono bila mpaka wowote. Haikuwa imegeuka hata chembe. Doa halikuwa rangi yake iliyogeuka. Doa lilikuwa rangi ya mtu mwingine.

"Ni sawa," nilisema. "Mama Mdogo, ya kwako ni sawa."

"Naiona." Akakwangua tena pembeni. "Naiona, mwanangu. Naiona."

Alikaa chini. Nilidhani atalia, nikajiandaa na kitambaa, kumbe machozi yalikuwa yangu. Yeye alikuwa anapandisha hasira. Ilianzia shingoni. Mikono ikajiinua ikashika kiuno, na sasa walikuwa wawili wamesimama vile, yeye na mdoli.

"Mshike miguu," aliniambia. "Tunavuka barabara."

Tukamvusha, yeye kichwani mimi miguuni, magari yakisimama. Dukani kwa Bwana Taratibu, pale dirishani, gauni la maua lilikuwa limevalishwa kiti. Mwenyewe alikuwa peke yake, anatundika nguo. Alipotuona, kitundikio kikamponyoka mkononi.

"Bwana," Mama Mdogo alisema, akimsimamisha Bibi Dirishani mbele yake. "Hebu njoo utazame hapa. Hii ya chini ni yangu. Hii ya juu ni ya nani?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hata hiyo fupi Bwana Taratibu aliitembea polepole. Alitazama bega. Alitazama kisu. Alitazama dari, pengine akitafuta mlango huko.

"Yangu, fundi," alisema mwishowe.

"Yako."

"Niliipaka mwenyewe."

"Zote?"

"Zote. Kila ulipomaliza. Ikiwa mbichi inafanana kabisa, fundi. Nakuapia. Inafanana mpaka nafurahi. Nikirudi kutoka kunawa mikono nakuta imekuwa hivyo. Nikadhani nimekosea kipimo. Nikarudia."

"Na ukaniambia rangi yangu imegeuka."

"Niliona aibu."

Mama Mdogo ana sauti ndogo, lakini siku ile nadhani hata waliokuwa wanapita nje waliisikia. Alimwambia kwamba amekuwa akiamka kila asubuhi na kulitazama dirisha kwanza, kuona kama buluu ya pazia bado ni buluu. Kwamba brashi zake alikuwa ameshazigawa. Kwamba alikuwa anafunga. Karakana yote, meza yote, kazi aliyoanza akiwa binti, alikuwa anaifunga kwa sababu mtu mzima ameona aibu kusema ukweli. Alipofika hapo sauti ikakatika, na kitambaa changu kikapata mwenyewe.

Bwana Taratibu aliweka mkono kifuani. Alikuwa amepauka. Nilitaka kumkaripia na mimi, nilikuwa na maneno tayari, lakini alianza kusema, na kwa mara ya kwanza sikuona kama anachelewa.

"Fundi, mimi kila nikija kwako nina maneno. Nayapanga hapa dukani. Nikifika mlangoni kwako yanaisha. Nakuona wewe ukikaa na mtu, mnaongea rangi. Hii imekolea, hii imefifia, hii iongezwe nini. Mimi rangi siijui. Nasema asante, naondoka. Nikasema nijifunze. Nikishajua kuchanganya hiyo pichi, nitakuja nikae kwenye kile kiti, tuongee."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na mshindo ndio huo ulikuwa umetua mbele yetu. Mimi nilijishughulisha na magauni.

Mama Mdogo alipenga kamasi. "Kwa nini usifanyie kwenye boksi? Kwa nini begani?"

"Nilitaka kuona kama nitakufikia."

Alimtazama sana. Mimi namjua Mama Mdogo akikasirika, namjua akiogopa, lakini uso ule sikuwahi kuuona, na nilifurahi mpaka nikapata wasiwasi.

"Lete hizo rangi zako," alisema.

Alizitoa chini ya kaunta: tyubu ndogo za duka la vifaa vya shule, visosi vimepangwa mstari, kila kimoja na pichi yake iliyokufa. Mama Mdogo alivipitia kimoja kimoja kama daktari wodini.

"Unaanza na nyekundu?"

"Naanza na nyekundu."

"Mungu wangu." Akavuta lile gauni la maua kwenye kiti, akanitupia mimi, akakaa. "Kaa na wewe. Nyeupe kwanza."

Akamfundisha. Ilikuwa kazi. Mkono wake ni mzito, na kila akiambiwa kidogo yeye huelewa kiasi. Alichanganya, tone likawekwa kwenye boksi, likangojwa, likakataliwa. Akachanganya tena. Walipokuwa wanangoja walikuwa wanaongea, na si rangi peke yake. Nilisikia habari za marehemu mkewe, na habari za bibi yangu na lile pazia. Mwishowe Mama Mdogo akampa brashi na kumwonyesha bega.

Alipaka ameng'ata ulimi. Tukangoja ikauke. Ilikuwa afadhali kuliko zile za kwanza, lakini pichi haikuwa. Ilikuwa na wekundu bado, na ukingo wake ulionekana tangu mlangoni. Bwana Taratibu mwenyewe aliona, mabega yakamshuka.

Mama Mdogo alishika kisu chake. Nilingoja akwangue. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kumrudisha mdoli kutoka kwenye mkokoteni wa mteja kwa sababu ya ukucha mmoja. Alilitazama bega, akamtazama mwanamume, akakirudisha kisu mfukoni.

"Mvalishe," alisema. "Mrudishe dirishani."

"Hivyo hivyo?" niliuliza mimi.

"Hivyo hivyo."

Brashi zake alizichukua kwangu jioni ile ile, na sikuwahi kurudisha kitu kwa furaha namna ile. Mama alipopiga simu kuuliza ile habari ya chumba, aliambiwa akipangishe.

Tangu siku hiyo Bibi Dirishani anasimama pale na bega lake. Akivaa mikono mirefu hakuna anayejua, lakini Bwana Taratibu anapenda kumvalisha yale ya bega wazi, sijui ni kujivuna au ni kukosa akili. Watu wameliona. Mafundi wengine wameliona, na wamesema. Ndicho kitu ambacho Mama Mdogo alikiogopa kuliko vyote, watu wapite waseme fundi macho yamekwisha, na sasa kinasemwa mchana kweupe ng'ambo ya barabara.

Juzi alikuja mama mmoja anayefungua duka jipya, na midoli yake kwenye mkokoteni. Alikuwa na wasiwasi. Alizunguka, akasifu rafu, akasifu mwanga, mwishowe akajikaza.

"Fundi, samahani nikuulize. Yule mdoli wa pale ng'ambo, wameniambia ni wa kwako. Sasa lile bega..." Akashusha sauti. "Labda hulioni vizuri."

Nilifungua mdomo. Mama Mdogo alininyamazisha kwa kijiti cha meno chenye nyekundu kwenye ncha, akaendelea kukoroga.

"Naliona vizuri sana," alisema. "Kalipaka mume wangu."